Umeme wa Viyoyozi Katika Majengo Makubwa: Ziba Joto Kwanza, Nunua Mashine Baadaye

Kaskazi inapoingia, kuanzia Disemba hadi Machi, malalamiko katika majengo makubwa ya pwani huwa ni yale yale. Mkaazi anayesubiri huduma orofa ya juu anajipepea kwa faili lake. Karani wa orofa ya chini naye amevaa sweta, kwa kuwa kiyoyozi kimeelekezwa kichwani pake. Mwisho wa mwezi bili ya umeme inafika, na ni kubwa. Mara nyingi pendekezo la kwanza mezani huwa moja: mashine zimechoka, zinunuliwe nyingine zenye nguvu zaidi.

Makala hii inaeleza kwa nini pendekezo hilo linafaa kuwa la mwisho, si la kwanza. Jengo likiwa la umma, bili hiyo hulipwa kwa pesa za mlipa ushuru. Shilingi iliyolipia baridi iliyotorokea dirishani hainunui tena dawa ya zahanati wala hailipi basari ya mwanafunzi. Wenye hoteli, shule, maduka makubwa na nyumba za ibada nao wana hesabu kama hiyo.

KIYOYOZI HUFANYA NINI HASA?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachofanya ni kubeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Mfikirie baharia anayefua maji katika dau linalovuja. Akiona maji yanazidi, anaweza kutafuta ndoo kubwa zaidi na mtu wa pili wa kumsaidia. Au anaweza kulikalafati dau, kisha ile ndoo ndogo ikamtosha. Umeme ndio jasho la kufua, na joto ndilo maji yanayoingia.

Katika jengo dogo, kila chumba huwa na kiyoyozi chake ukutani. Jengo kubwa mara nyingi hutumia mfumo mmoja. Kuna mashine ya kupozea maji, ambayo mafundi huiita chila. Hupoza maji hadi kama nyuzi 7, kisha pampu huyasukuma kwa mabomba hadi kila orofa. Huko, feni hupuliza hewa juu ya mabomba hayo na hewa hiyo ndiyo tunayoisikia ikiwa baridi. Maji hurudi yakiwa kama nyuzi 12, yamebeba joto la vyumbani, na joto hilo hutupwa nje, mara nyingi juu ya paa.

Kwa hivyo umeme hauliwi na chila pekee. Pampu hula, feni za ndani hula, na feni za paani hula. Mradi unaobadilisha chila tu na kuacha vingine vilivyo huwa umegusa sehemu moja tu ya bili.

JOTO HUINGIA KUPITIA WAPI?

Mlango wa kwanza ni madirisha. Pwani yetu iko karibu na ikweta, kwa hivyo adhuhuri jua huwa karibu na utosi na kuta za kaskazini na kusini hupigwa kidogo. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zenye taabu, kwani asubuhi na alasiri jua huwa chini na kupenya hadi katikati ya chumba. Jengo lenye ukuta mpana wa vioo upande wa magharibi hujiwekea jiko lenyewe.

Mlango wa pili ni paa. Mabati yaliyoingia kutu au zege jeusi hunywa jua mchana kutwa na kuliteremsha darini. Orofa ya juu kabisa ndiyo hulalamika zaidi, na sababu ni hiyo.

Mlango wa tatu uko ndani. Mtu mmoja aliyeketi ofisini hutoa joto la takriban wati 100. Ukumbi wa watu 50 ni sawa na kuwasha vipasha joto vitano vya kilowati moja. Ongeza taa, kompyuta na mashine za kuchapisha. Ndiyo maana kubadilisha taa ya mrija ya wati 36 kwa ya LED ya wati 18 huleta faida mara mbili: taa yenyewe hula nusu, na kiyoyozi hakibebi tena joto la ile nusu nyingine.

Mlango wa nne ni hewa ya nje, na hapa pwani ina shida yake. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Kila mlango unapoachwa wazi, kiyoyozi hulazimika kupunguza joto na pia kuukamua ule unyevu, maji yanayodondoka kwenye mrija wa nje. Kazi hiyo ya kukamua hutumia umeme mwingi.

Hapa ndipo ununuzi wa mashine kubwa kupita kiasi unapoleta hasara ya pili. Mashine hiyo hupoza chumba kwa dakika chache na kuzima kabla haijakausha hewa. Muda mfupi baadaye huwaka tena. Chumba huwa baridi lakini chenye unyevunyevu, kuta huota kuvu, faili hunuka, na kompresa huchakaa upesi kwa kuwaka na kuzima.

MASOMO KUTOKA MAJENGO MENGINE

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Empire State Building jijini New York, Marekani. Jengo hilo la orofa 102 lilifunguliwa mwaka 1931. Kufikia mwaka 2009, wenye jengo walikuwa na mpango wa kubadilisha na kuongeza mashine za kupozea. Wahandisi waliwashauri wageuze mpangilio: wapunguze kwanza joto linaloingia, ndipo wazitazame mashine.

Madirisha yapatayo 6,500 hayakutupwa. Yalitolewa, yakakarabatiwa ndani ya jengo hilo hilo kwa kuongezewa utando unaozuia joto na gesi maalumu katikati ya vioo, kisha yakarudishwa. Taa na vidhibiti vya hewa navyo vilishughulikiwa. Mzigo wa kupoza ulipungua kwa takriban theluthi moja, na hapo ikaonekana kwamba hakuna haja ya chila mpya kubwa. Zile za zamani zilifanyiwa ukarabati zikatosha. Uamuzi huo peke yake uliepusha matumizi ya zaidi ya dola milioni 17. Mpango mzima ulikadiriwa kupunguza matumizi ya kawi ya jengo kwa asilimia 38, sawa na dola milioni 4.4 kila mwaka.

New York ina theluji na sisi hatuna, kwa hivyo si kila walichofanya kinatufaa. Tunachoweza kuchukua ni ule mpangilio wa hatua.

Hapa nchini, jengo la ofisi za UNEP na UN-Habitat lililofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011, lilijengwa ili ofisi zipate hewa na mwanga wa asili bila kutegemea viyoyozi. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Pwani usiku hautupi nafuu hiyo, kwa hivyo hatuwezi kuiga kila kitu.

Lakini wazee wetu nao walijenga kwa akili. Nyumba za kale za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, ua wa ndani wa kupitisha hewa, na vichochoro vyembamba ambapo nyumba moja huitilia kivuli nyingine. Jengo la leo lenye kuta nyembamba na vioo vikubwa limeacha hekima hiyo, likaja kuilipia kwa uniti za umeme.

HATUA NNE, KWA MPANGILIO WAKE

Ya kwanza: punguza joto. Paka paa rangi nyeupe inayorudisha jua. Weka kivuli nje ya madirisha ya mashariki na magharibi, iwe ni vibaraza, mbao za kukinga jua au miti. Kivuli cha nje hushinda pazia la ndani, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo, joto limekwisha kuingia. Ziba nyufa za milango na madirisha. Badilisha taa.

Ya pili: tengeneza kilichopo. Filta iliyojaa vumbi hunyima mashine pumzi. Mapezi ya mashine ya nje hushika chumvi ya bahari yakaoza, na joto halitoki. Gesi ikivuja, kompresa huwaka mchana kutwa bila kufikisha baridi. Kazi hizi hugharimu kidogo, na ndizo huachwa zaidi. Pia angalia kipimo: kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 hakipozi chumba upesi kuliko kilichowekwa 24 katika mashine nyingi za kawaida. Huendelea tu kufanya kazi muda mrefu zaidi.

Ya tatu: sasa badilisha mashine, kwa kipimo kipya. Mzigo ukishapungua, mhandisi apime upya ili mashine itoshee jengo lilivyo sasa. Hapa ndipo teknolojia mpya inapolipa. Mashine za zamani hujua kuwaka na kuzima tu. Zenye kidhibiti cha mwendo hupunguza kasi jengo linapohitaji kidogo, na katika msimu wa kusi, jengo huhitaji kidogo kwa miezi mingi. Pampu au feni ikipunguziwa mwendo kwa asilimia 20, umeme wake hushuka hadi karibu nusu.

Ya nne: pima na uendelee kupima. Mita moja kwa jengo zima haisemi nani anakula. Mita ndogo kwenye chila, kwenye pampu na kwa kila orofa huonyesha. Bila kipimo cha kabla na baada, akiba inabaki kuwa maneno.

HESABU NDOGO YA KUONYESHA

Tuchukue mfano wa jengo la ofisi lenye viyoyozi 100 vya ukutani, kila kimoja kikitumia wastani wa kilowati 1. Vikiwaka saa 10 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, vitatumia uniti 22,000 kwa mwezi, yaani 264,000 kwa mwaka.

Sasa tuseme 20 kati yake husahauliwa vikiwaka usiku, saa 14, kila siku ya kazi. Hata kama usiku kila kimoja kinatumia nusu kilowati tu, hizo ni uniti 3,080 kwa mwezi, au 36,960 kwa mwaka, zinazopoza viti na meza. Kuziokoa hakuhitaji zabuni. Kunahitaji saa ya kuzima yenyewe, au askari wa zamu mwenye orodha ya vyumba.

Au tuchukue pampu moja ya kilowati 15 inayozunguka usiku na mchana, mwaka mzima. Hutumia uniti 131,400. Ikizimwa saa 12 za usiku, hubaki 65,700. Ikiongezewa kidhibiti na kuzunguka kwa asilimia 80 ya mwendo wake, hushuka hadi takriban 33,600. Pampu ni ile ile, na sasa inakula kama robo ya ilichokula mwanzo.

Kwa wateja wakubwa wa Kenya Power, kuna jambo jingine ndani ya bili. Mbali na uniti, hutozwa pia kulingana na kiwango cha juu kabisa cha umeme walichochukua kwa wakati mmoja katika mwezi. Jumatatu asubuhi, jengo likiwa limehifadhi joto la wikendi, mashine zote zikiwashwa pamoja hukimbia kwa nguvu zao zote, na kilele hicho cha asubuhi moja huingia kwenye bili ya mwezi mzima. Kuziwasha kwa zamu, orofa kwa orofa, hupunguza kilele hicho. Mzigo mdogo una faida nyingine pia: umeme ukipotea, jenereta ndogo hutosha na dizeli hudumu.

SHERIA INASEMAJE?

Kanuni za Usimamizi wa Kawi za mwaka 2012 zinahusu majengo na viwanda vinavyotumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka. Jengo letu la mfano, lenye uniti 264,000 za viyoyozi peke yake, limo ndani. Mwenye jengo la aina hiyo anatakiwa kufanya ukaguzi wa kawi angalau mara moja kila miaka mitatu, kupitia mkaguzi aliyepewa leseni, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa kabla ya miaka hiyo mitatu kwisha. Msimamizi ni EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Kanuni hazibagui jengo la serikali na la mtu binafsi.

Kanuni za mwaka 2016 kuhusu vifaa vya umeme nazo zimeweka kiwango cha chini cha ufanisi kwa viyoyozi vya ukutani, na lebo ya nyota ubavuni. Nyota zikiwa nyingi, kifaa hutumia umeme kidogo kwa baridi ile ile. Kiyoyozi cha nyota chache huwa rahisi dukani, lakini kitalipiwa tena kila mwezi kwa miaka mingi.

Gesi nayo itazamwe. Mashine nyingi za zamani hutumia R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, nchi zinazoendelea zinaiondoa gesi hiyo sokoni, na kufikia mwaka 2030 kitabaki kiasi kidogo tu cha kutengenezea mashine zilizopo. Anayenunua mtumba wa R-22 leo kwa kuwa bei ni nafuu ananunua mashine ambayo gesi yake itazidi kuwa adimu.

MAHALI PASIPOGUSWA KIHOLELA

Akiba isimfikie mgonjwa kwa ubaya. Chumba cha upasuaji, maabara na mahali pa kuhifadhia chanjo vina masharti yao ya joto na usafi wa hewa, na hapo mhandisi hufanya kazi pamoja na wahudumu wa afya. Zaidi ya hayo, si kila wodi hufaidika na kiyoyozi. Katika vyumba vya wagonjwa wa kifua kikuu, madirisha makubwa yaliyo wazi ni kinga, kwani hewa safi hupunguza vijidudu vinavyoelea. Kuyafunga madirisha hayo ili kuweka kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile ya ndani kunaweza kumweka muuguzi na mgonjwa wa kitanda cha pili hatarini. Hapo panka na paa lililopakwa rangi nyeupe ni bora kuliko kiyoyozi.

MKAAZI AULIZE NINI?

Katiba inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Kila mwaka, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya umma vinavyohusu nyaraka hizo ndipo mahali pa kuuliza. Ukiona mradi wa viyoyozi au ukarabati wa jengo la umma kwenye orodha, maswali haya yanatosha:

1. Je, jengo limefanyiwa ukaguzi wa kawi, lini, na ulipendekeza nini?
2. Kabla ya kununua mashine, nini kimefanywa kwa paa, madirisha na taa?
3. Ukubwa wa mashine mpya umepimwa upya, au umenakiliwa kutoka mashine ya zamani?
4. Jengo linatumia uniti ngapi kwa mwezi sasa, na lengo ni ngapi?
5. Nani atazihudumia mashine, na pesa za huduma ya kila mwaka zimetengwa?
6. Akiba isipopatikana, mkataba unasema mkandarasi atafanya nini?

Swali la tano lina uzito wake. Mashine nzuri isiyohudumiwa kwenye hewa ya chumvi haikawii kuwa chuma chakavu. La sita pia si geni: kuna mikataba ambamo mkandarasi huahidi kiasi cha akiba na kufidia pengo asipokifikia. Empire State Building ilitumia mkataba wa namna hiyo.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa hizi kutoka ofisi ya umma. Huhitaji kuwa mhandisi ili kuuliza.

Na ukiwa ndani ya jengo la umma, kuna la kufanya bila kikao. Funga mlango nyuma yako. Ukiona kiyoyozi kinawaka na dirisha li wazi, mwambie aliye karibu kwa upole. Ukiona maji yakidondoka darini au mashine inanguruma, toa taarifa mapokezi. Jengo ni lako, na bili yake pia ni yako.